Wenye Funguo Watangulie Kutangaza Maslahi Yao: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Wikimedia Foundation na Wakabidhi wa Wikipedia ya Kiswahili

Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Wadhamini ya Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, na ndugu zangu wakabidhi,

Ninawaandikia kuomba jambo moja, nalo nalitaja mapema ili msihangaike kulitafuta katika aya za mwisho. Ninaomba kila mkabidhi, yaani msimamizi mwenye mamlaka ya kufuta makala, kulinda kurasa na kuzuia watumiaji, na kila anayeamua matumizi ya fedha za miradi katika Wikipedia ya Kiswahili, aandike hadharani, mara moja kwa mwaka, ajira yake inatoka wapi, ni ruzuku zipi anazonufaika nazo na ni makala za aina gani asizopaswa kuziamulia kwa sababu hiyo. Ninaomba pia tamko hilo litangulie masharti mengine yoyote tutakayowawekea wageni. Kanuni tuliyonayo leo inamtazama anayetoka nje, ilhali baadhi ya madhara makubwa kabisa katika historia ya kamusi elezo hii yamefanywa na watu wa ndani, waliokwisha kuaminiwa na kukabidhiwa funguo.

Si haki kudai tamko la wengine bila kutoa langu. Mimi ni mhariri wa kujitolea, na riziki yangu naipata kwa kufundisha. Nimewahi kupokea posho ya nauli na bando la intaneti katika warsha za kuhariri zilizogharamiwa na ruzuku ya Wikimedia, na nimewahi kuwa mwamuzi wa shindano la kuandika makala. Makala kuhusu shule ninayofundisha, wamiliki wake na mamlaka zinazoikagua sizihariri, na nikiona kosa ndani yake naliandika kwenye ukurasa wa majadiliano ili mwingine aamue. Tamko langu limekwisha, na kama mnavyoona halikuzidi aya moja.

Kanuni ya sasa inajulikana kwenu kuliko kwangu. Tarehe 16 Juni 2014 mliongeza katika Masharti ya Matumizi sharti kwamba yeyote anayelipwa, au anayetarajia kulipwa, kwa ajili ya uhariri wake amtaje mwajiri wake, mteja wake na uhusiano wake na jambo husika. Anaweza kufanya hivyo katika ukurasa wake wa mtumiaji, katika ukurasa wa majadiliano wa makala, au katika muhtasari wa badiliko lenyewe. Sharti hilo lilifuata kashfa ya Oktoba 2013, ambapo akaunti zaidi ya 250 zilizuiwa katika Wikipedia ya Kiingereza kwa kuhusishwa na kampuni ya Wiki-PR ya Texas, iliyokuwa ikiwauzia wateja wake huduma ya kuandikiwa na kulindiwa makala. Ni sharti jema, na sina ugomvi nalo. Linamgusa afisa uhusiano wa benki na meneja wa msanii. Halimgusi mkabidhi anayeandika kuhusu chama chake, dhehebu lake, chuo alichosoma au mradi unaompa ruzuku, almuradi hakuna aliyemlipa kwa badiliko lile mahususi. Wala halimgusi yule ambaye vijana wetu humwita chawa, anayemsifia mkubwa bila kulipwa hata senti leo, akitumaini kukumbukwa kesho.

Tutazame nyuma kidogo. Desemba 2005 ilibainika kwamba Jimmy Wales mwenyewe, mwanzilishi wa Wikipedia, alikuwa amehariri makala inayomhusu, zikiwamo sehemu zilizomtaja Larry Sanger kuwa mwanzilishi mwenzake, naye akakiri kwamba halikuwa jambo la kupendeza. Mwaka 2012 mdhamini mmoja wa Wikimedia UK, tawi la Uingereza, ambaye wakati huohuo alikuwa mshauri wa serikali ya Gibraltar, alihusika na mradi wa kuitangaza Gibraltar kwa makala za Wikipedia na misimbo ya QR iliyobandikwa mitaani. Katika mwezi wa Agosti pekee, Gibraltar ilitokea mara 17 kwenye safu ya Je, Wajua katika ukurasa wa mwanzo wa Wikipedia ya Kiingereza. Eneo lile halifiki kilomita za mraba 7, na sidhani kama kuna mji wowote wa Afrika Mashariki uliowahi kupata heshima ya namna hiyo kwa mwezi mmoja. Mdhamini huyo alijiuzulu Septemba. Makala zenyewe huenda zilikuwa sahihi neno kwa neno. Tatizo ni kwamba msomaji wa ukurasa wa mwanzo hakuwa na njia ya kujua kwa nini anaoneshwa Gibraltar kila baada ya siku mbili.

Kisa kinachonigusa zaidi, kwa kuwa mimi ni mwalimu, ni cha India. Chuo cha biashara kilichojulikana kwa kifupi kama IIPM kilikuwa kikijinadi magazetini kwa matangazo makubwa, huku kikiwa hakina ithibati ya kutoa shahada kilizozitangaza. Mtumiaji aliyejiita Wifione alifanywa msimamizi wa Wikipedia ya Kiingereza mwaka 2010, na kwa miaka kadhaa alikuwa mlezi wa makala ya chuo hicho. Ukisoma historia ya makala yake utaona ustadi wa kazi ile. Habari ya gazeti iliyokikosoa chuo inaondolewa, na muhtasari unasema chanzo hakikidhi sera. Sifa inaongezwa ikiwa na tanbihi. Makala za vyuo shindani nazo zinaguswa, lakini huko linaloongezwa ni baya. Badiliko moja moja ukilitazama peke yake linaweza kutetewa kwa kifungu fulani cha sera, na anayelitetea ni msimamizi, mtu anayezijua sera kuliko anayelalamika. Septemba 2014 Mahakama Kuu ya Delhi ilikizuia chuo hicho kutumia majina ya shahada kama MBA na BBA. Februari 2015 Kamati ya Usuluhishi ya Wikipedia ya Kiingereza ikamvua Wifione usimamizi na kumfungia.

Miaka hiyohiyo mlikuwa mkiendesha Wikipedia Zero, mpango ulioanza 2012 na kufungwa 2018, ambao uliwawezesha watu wa nchi zenye kipato cha chini kuisoma Wikipedia kwenye simu bila kukatwa bando. Ulikuwa mpango wa hisani, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika nao. Lakini fikirieni kijana wa mji mdogo anayetaka kujua kama wazazi wake wauze shamba wamlipie ada ya chuo fulani, na ambaye chanzo pekee anachoweza kukisoma bure ni ukurasa uliosafishwa na mtu wa chuo hicho. Anayesoma bila gharama na bila njia mbadala ndiye anayeumizwa zaidi na maslahi yaliyofichwa, na msomaji wa namna hiyo ndiye msomaji wetu wa Kiswahili.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba mtu kama Wifione angedanganya hata katika tamko. Bila shaka angedanganya. Lakini tazameni ilivyokuwa vigumu kumwondoa. Waliomshuku walilazimika kupanga mamia ya mabadiliko ya miaka kadhaa ili kuonesha mwelekeo, kwa sababu hapakuwa na kosa moja la kunyooshea kidole. Mtu anapotakiwa kutangaza, kisha akatangaza uongo au akakaa kimya, kosa linakuwa moja, lina tarehe, na anayelithibitisha hahitaji kuwa mtaalamu wa sera. Sheria zetu za nyumbani zimelielewa hili zamani. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi awasilishe tamko la rasilimali na madeni yake kila mwaka, na watu wanaijua vizuri pilikapilika ya kujaza fomu kabla ya tarehe 31 Desemba. Kenya imepata Sheria ya Mgongano wa Maslahi mwaka 2025. Hakuna anayeamini kwamba fomu hizo zimemaliza ufisadi, ila zimeondoa kisingizio cha mtu kusema hakujua kwamba alitakiwa kusema.

Sasa kwa nini naliweka jambo hili mbele ya Wikipedia ya Kiswahili, wakati visa nilivyovitaja ni vya Kiingereza? Kwa sababu Kiingereza kina wasimamizi mia kadhaa na maelfu ya wahariri wanaopita kila siku kwenye ukurasa wa Mabadiliko ya Karibuni, na bado Wifione alidumu kwa miaka. Wikipedia yetu ilianza mwaka 2003, inahudumia lugha ambayo UNESCO huitaja kuwa na wazungumzaji zaidi ya milioni 200, lakini wanaoifanyia usafi wa kila siku ni wachache mno. Kuna usiku unaoweza kupita bila jicho la mkabidhi hata mmoja.

Mfano wa lugha ndogo iliyotekwa tunao. Katika Wikipedia ya Kikroatia, kundi dogo la wasimamizi wenye mrengo mmoja wa siasa lilishika hatamu kwa takriban muongo mzima. Makala za Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilipakwa rangi, ukatili wa utawala wa Ustaše, ulioshirikiana na Wanazi, na wa kambi yake ya mauaji ya Jasenovac ukapunguzwa uzito, na wahariri waliopinga wakazuiwa na watu walewale waliokuwa wakipingwa. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia aliwatahadharisha wanafunzi wasiitegemee. Tathmini mliyoiagiza ninyi ilitoka mwaka 2021, yaani miaka minane baadaye. Msomaji wa Kikroatia alikuwa angalau na Wikipedia za Kiserbia, Kibosnia na Kiserbokroatia, lugha anazozielewa, ambako angeweza kulinganisha. Mwanafunzi wa kidato cha pili huko Kigoma au Lubumbashi akitaka kulinganisha makala ya Kiswahili itambidi aende kwenye Kiingereza au Kifaransa, na wengi hawafiki huko.

Naomba nieleweke hapa, hasa na ndugu wakabidhi, ambao wengi wao wameijenga kamusi elezo hii kwa miaka mingi bila kulipwa na mara nyingine bila hata kushukuriwa. Sisemi kwamba kuna aliyeiba au aliyepotosha. Ninasema kwamba mpangilio wetu unamweka mtu mmoja katika nafasi nyingi mno kwa wakati mmoja. Mtu huyohuyo anaweza kuomba ruzuku, kuandaa warsha, kulipa posho, kuhukumu shindano, kuandika ripoti ya mafanikio, na kisha, akiwa mkabidhi, kuamua ni makala ipi ya shindano lile ifutwe na ipi ibaki. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hawakumaanisha kwamba mwamba ngoma ni mwizi.

Chukueni makala ya kawaida ya mashindano. Ina mstari mmoja na nusu unaosema kwamba fulani ni mchezaji wa mpira wa miguu aliyezaliwa mwaka fulani na anacheza nafasi ya kiungo, na chini yake kuna tanbihi inayoelekeza kwenye tovuti iliyokufa. Sentensi imetoka moja kwa moja kwenye programu ya kutafsiri, na ngeli zimegongana. Mhariri mwingine anaweka kigezo, yaani kibandiko juu ya makala, cha kuomba ifutwe. Ikifutwa, idadi itakayoandikwa katika ripoti ya ruzuku inapungua kwa moja. Zikifutwa mia mbili, mshindi wa shindano anaweza kubadilika. Mkabidhi anayeamua ndiye aliyeandaa shindano. Hata akiamua kwa haki tupu, aliyeomba ifutwe hana sababu ya kuamini, na akishindwa mara mbili tatu ataacha kuomba. Hivi ndivyo ubora unavyoshuka bila mtu yeyote kutenda dhambi. Tuliyaona mapema, katika shindano ambalo Google ililiandaa mwaka 2009 hadi 2010 kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, likiwa na zawadi kama kompyuta za mkononi. Makala ziliongezeka kwa kasi, lakini zawadi zilipokwisha washiriki wengi hawakurudi, na usafi ukabaki kwa wale wachache waliokuwapo kabla. Google haikuficha kitu, na hilo naihesabia heshima. Lakini somo la kwamba malipo kwa idadi huzaa idadi lilikuwa mikononi mwetu miaka mingi iliyopita, na bado fomu za ruzuku zinauliza kwanza makala ngapi.

Kuhusu watu wa nje sina mengi, ila moja ni la lazima kwa kuwa linatokana na lile la ndani. Mtu anayeandikwa ana haki ya kusahihishiwa uongo. Mwaka 2005 mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, aligundua kwamba makala inayomhusu ilikuwa imedai kwa miezi kadhaa kuwa aliwahi kushukiwa katika mauaji ya akina Kennedy, jambo lililokuwa mzaha wa mtu asiyemfahamu. Afisa habari wa halmashauri anayeona idadi ya kata imekosewa naye anastahili kusikilizwa. Tunamwambia asihariri mwenyewe, aandike kwenye ukurasa wa majadiliano. Anafungua ukurasa huo na kukuta hauna hata neno moja, anaandika ombi lake kwa adabu, na ombi linakaa miezi bila kujibiwa. Baada ya hapo anajifungulia akaunti yenye jina la ajabu na kubadilisha mwenyewe, na katika kurekebisha idadi ya kata anaongeza pia aya inayomsifu mkurugenzi. Siwezi kumtetea, ila sisi ndio tuliomfundisha kujificha.

Wahalifu wameiona fursa hiyo zamani. Agosti 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilizuia akaunti 381 za mtandao uliopewa jina la Orangemoody na kufuta makala 210. Mbinu yao ilikuwa kuvizia rasimu zilizokataliwa, za biashara ndogo na wasanii, kisha kumwendea mwenye jina wakijifanya wahariri wenye uzoefu au wasimamizi, na kumtaka alipe ili makala itoke. Ikishatoka, wanamtoza tena kila mwezi ili isifutwe. Makala za Wikipedia zina bei kwa sababu zinaonekana kwanza kwenye utafutaji, na kwa sababu mitandao ya kijamii imewahi kuzikubali kama kielelezo cha umaarufu kwa wanaotaka alama ya bluu. Msanii mmoja chipukizi alinionesha ujumbe wa WhatsApp wa mtu aliyemwahidi ukurasa wa Kiswahili kwa malipo ya awamu mbili, na aliyemhakikishia kwamba hautafutwa kwa kuwa ana mtu wake miongoni mwa wakabidhi. Nilimwambia asilipe, na ninaamini ile habari ya kuwa na mtu ndani ilikuwa uongo mtupu. Aliponiuliza ninajuaje, sikuwa na ukurasa hata mmoja wa kumwonesha ambapo wakabidhi wametamka kwamba hawapokei malipo ya namna hiyo. Tamko linamlinda msomaji, lakini linamlinda mkabidhi mwaminifu kwanza.

Mahali pa kuliweka tamko pana uzito wake. Mei 2012 mahakama ya rufaa ya Munich, Ujerumani, iliamua kesi ya kampuni ya bidhaa za ubani ambayo mtu wake alikuwa amehariri makala ya Wikipedia kuhusu bidhaa hizo kwa namna iliyompa mshindani wake hasara. Kampuni ilijitetea kwamba uhusiano wake ulionekana kwenye ukurasa wa majadiliano. Mahakama ikakataa, kwa hoja kwamba msomaji wa kawaida hasomi ukurasa wa majadiliano. Nadhani majaji wale walimwelewa msomaji kuliko tulivyomwelewa sisi katika sharti la 2014. Kwa hiyo naomba makala iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na mtu mwenye maslahi, akiwamo mkabidhi, iwekewe kigezo juu yake chenye maneno mepesi ya Kiswahili, kitakachobaki hadi mhariri asiyehusika atakapoipitia tanbihi kwa tanbihi.

Kuna sababu nyingine inayofanya wenye mamlaka wawe wa kwanza. Agosti 2007 Virgil Griffith, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Caltech, Marekani, alitoa chombo kilichoitwa WikiScanner, kilicholinganisha anwani za IP (namba zinazotambulisha kompyuta mtandaoni) za wahariri wasio na akaunti na majina ya taasisi zinazozimiliki. Hapo ndipo umma ulipoona kwamba kutoka kwenye kompyuta za Diebold, watengenezaji wa mashine za kupigia kura, aya za kuzikosoa mashine hizo zilikuwa zimefutwa. Chombo kile kiliwezekana kwa sababu anwani zilikuwa wazi kwa kila mtu. Katika miaka ya karibuni mmeanza kuzificha kwa kutumia akaunti za muda, na wanaoweza kuziona ni watumiaji wachache wenye ruhusa. Naiunga mkono hatua hiyo. Lakini ina maana kwamba uchunguzi aliouweza mwanafunzi yeyote mwaka 2007 sasa umewekwa mikononi mwa wachache, nao hawajatakiwa kusema wao wenyewe wamefungamana na nani.

Hofu ya usalama naiheshimu. Osama Khalid na Ziyad al-Sofiani, wahariri wa Wikipedia ya Kiarabu, walifungwa Saudi Arabia, na Desemba 2022 ninyi wenyewe mliwafungia watumiaji 16 wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kwa uhariri wenye mgongano wa maslahi. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mhariri anayeandika kuhusu uchaguzi ana sababu ya kutotumia jina lake la ubatizo. Tamko ninaloliomba halihitaji jina. Mkabidhi anaweza kusema kwamba ameajiriwa katika taasisi ya umma ya afya na kwamba hataamua migogoro ya makala za wizara ya afya, bila kusema anaitwa nani wala anakaa wapi. Na kama hata hilo ni hatari kwake, alipeleke kwa siri kwenu au kwa kamati mtakayoiteua, na hadharani ibaki taarifa kwamba tamko limepokelewa. Asiyeweza kufanya hata hivyo bado ni mhariri mwenzetu na makala zake tunazihitaji. Mamlaka ya kufuta na kuzuia ndiyo asipewe kwa sasa.

Kwa Bodi, basi, naomba ruzuku yoyote inayohusu Wikipedia ya Kiswahili iambatane na sharti kwamba mwandaaji wa shindano hatakuwa mwamuzi wake wala hatafuta au kurejesha makala zake, na kwamba ripoti itaonesha ni makala ngapi zilizobaki baada ya mwaka mmoja badala ya ngapi zilizoanzishwa. Naomba pia pawe na mahali ambapo malalamiko dhidi ya mkabidhi yanaweza kupelekwa kwa Kiswahili na kusomwa na mtu asiye mkabidhi wa Kiswahili, kwani mwenye kulalamika leo hupeleka lalamiko kwa walalamikiwa, au hulazimika kulitafsiri kwa Kiingereza anachokijua nusunusu. Wakroatia walihitaji mlango huo mwaka 2013.

Kwa wakabidhi, naomba ukurasa mmoja wa matamko utakaounganishwa na orodha ya Wikipedia:Wakabidhi, utakaohuishwa kila Januari, na desturi ya kujitoa inayoandikwa katika muhtasari pale mkabidhi anapoacha uamuzi kwa mwenzake. Naomba pia ukurasa wa maombi ya masahihisho kwa watu na taasisi zinazoandikwa, ambako ombi litajibiwa ndani ya siku 14, hata kama jibu ni hapana. Mimi niko tayari kushika zamu ya ukurasa huo kwa makala zote isipokuwa za elimu.

Rasimu ya kanuni nimeiandaa, na nitaiweka kwenye ukurasa wa Jumuiya mara barua hii itakapotoka, ili ikosolewe na ipigiwe kura na wahariri wote, wakiwamo wasiokubaliana nami. Kwa kuwa kanuni hii inawagusa wakabidhi moja kwa moja, napendekeza mhesabu kura asiwe mmoja wao, na kama hapatapatikana mtu wa Kiswahili wa kuifanya kazi hiyo, Bodi itupatie msimamizi kutoka Wikipedia ya lugha nyingine ya Afrika.

Wenu katika kazi,
Mhariri wa kujitolea, Wikipedia ya Kiswahili